Je, Ni Kosa Kutotaka Cheo?

Maswali ya wasomaji: Kazi na Maslahi

Barua za safari hii zimetoka karakana, darasani, maabara, jikoni, ofisini na wodini, lakini zote zinazunguka jambo moja. Mtu anaipenda kazi yake, anaimudu, na hataki kupanda. Anataka kujua kama ana haki hiyo na itamgharimu kiasi gani. Tumejibu zaidi kwa hesabu na kwa karatasi, maana wengi hujikwaa hapo hata pale moyo unapokuwa umetulia. Sheria na viwango vya makato ni vya Tanzania Bara, isipokuwa tulipotaja Kenya.

“Ndugu zangu wanasema anayekataa laki mbili ana kichaa”

*Wahariri, salaam. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha plastiki, Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa. Mshahara wangu ni 900,000. Mkurugenzi anataka niwe mkuu wa karakana kwa 1,100,000, nisimamie mafundi kumi na wawili na niripoti kwake moja kwa moja. Raha yangu mimi ni mashine: igome, niifungue, nitafute hitilafu, iwake. Vikao na kugombana na watu juu ya zamu sivitaki. Mke wangu na kaka zangu hawanielewi. Je, nikatae?*

Ndugu fundi, kabla ya kubishana na kaka zako, chukua salari slipu na kalamu. Laki mbili unazoambiwa hazifiki nyumbani zikiwa laki mbili.

Kwenye 900,000 ya sasa, mchango wako wa NSSF ni asilimia 10, yaani 90,000. Zinazobaki, 810,000, ndizo zinazotozwa kodi. Kwa 760,000 za kwanza kodi ni 68,000, na kwa 50,000 zilizozidi unatozwa asilimia 25, yaani 12,500. Ukitoa vyote unabeba 729,500. Kwenye 1,100,000, mchango ni 110,000, kinachotozwa kodi ni 990,000, na kodi yake ni 125,500. Utabeba 864,500. Nyongeza halisi, basi, ni 135,000.

Sasa njoo kwenye ovataimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa inayozidi hapo ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kupata thamani ya saa yako, gawa mshahara wa mwezi kwa 195 (wiki 4.333 za mwezi mara saa 45). Inatoka 4,615, na saa ya ovataimu ni 6,923. Ukifanya saa 20 kwa mwezi ni 138,460 kabla ya makato. Mkononi zinafika kama laki moja, pungufu kidogo ikiwa mwajiri anakata mchango hata kwenye ovataimu.

Hapa ndipo watu wengi huzinduka wakiwa wamekwisha kusaini. Sheria hiyohiyo inamtoa katika vifungu vya saa za kazi mtu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Nafasi unayopewa ni hiyo hasa. Mashine ikigoma saa nane usiku utapigiwa simu vilevile, ila saa hizo hazitakuwa na malipo ya lazima. Toa laki moja ya ovataimu kwenye 135,000, unabaki na 35,000 hivi kwa mwezi kama bei ya kuwaongoza watu kumi na wawili. Na kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, HESLB, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa, hivyo makato hayo nayo yatapanda kwa 30,000. Deni litaisha mapema zaidi, hiyo ni faida, lakini mwezi huu hela hiyo huioni.

Upande mwingine nao tuupe haki yake. Mchango wa NSSF, wako na wa mwajiri kwa pamoja, utaongezeka kwa 40,000 kila mwezi. Mwili pia unazeeka, na kupanda ngazi za chuma ukiwa na miaka 55 si sawa na 35. Kwa hiyo usikatae kwa hasira wala kwa woga. Muulize mkurugenzi mambo matatu, na majibu uyapate kwa maandishi: je, cheo kina malipo ya kuitwa usiku? Je, una ruhusa ya kuendelea kushika vifaa, au kazi yako itakuwa ripoti na ratiba? Na ikishindikana ndani ya miezi sita, je, unarudi kwenye nafasi na mshahara wako wa sasa?

Kuna njia ya tatu, nasi tunaipendekeza kwako kuliko zote mbili. Omba kuwa fundi mwandamizi: unabaki kwenye mashine, unafundisha vijana wawili, hupangi zamu wala hushughulikii nidhamu, na unaongezwa kiasi fulani. Ombi hili halipiti kwa maneno matupu. Weka daftari kwa miezi mitatu, kila mstari uwe na tarehe, mashine, hitilafu, muda iliosimama na ulichofanya. Mfano: “Mashine namba 4. Hita ya tatu imeungua, plastiki haiyeyuki sawasawa, kalibu haijai. Imesimama saa 2 dakika 40. Hita imebadilishwa, waya wa kipima joto umekazwa.” Mwishoni jumlisha saa ambazo mashine zilisimama ukiwa zamu, na ambazo zilisimama usipokuwapo. Mkurugenzi anajua saa moja ya mashine iliyosimama inamgharimu kiasi gani. Yeye mwenyewe atafanya hesabu iliyobaki.

Mke wako naye mpe karatasi hiyo ya makato akae nayo. Hana kosa kutaka nyumba isonge mbele. Aliambiwa laki mbili, na hakuna aliyemwonyesha 35,000.

“Nikikataa ualimu mkuu, daraja langu litasimama?”

*Shikamooni. Nafundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya msingi, Mbeya. Nimeletewa barua ya kuteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine. Moyo wangu uko kwa watoto wanaoanza kusoma. Wenzangu wananitisha kwamba nikikataa, sitapanda daraja tena mpaka nistaafu.*

Marahaba, mwalimu. Wenzako wanachanganya ngazi mbili zilizo tofauti.

Daraja ni ngazi ya mshahara. Mwenye astashahada huanzia TGTS B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D, kisha anapanda kwa muda wa utumishi, tathmini ya kazi na bajeti iliyotengwa. Cheo cha mwalimu mkuu ni madaraka, nayo yana posho yake. Ukivuliwa madaraka posho inaondoka, daraja linabaki. Mwalimu anaweza kupanda daraja moja baada ya jingine bila kutoka darasani, na wapo wengi wa namna hiyo.

Hiyo haina maana kwamba daraja hujipandisha lenyewe. Wanaochelewa mara nyingi wana kasoro kwenye faili: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini au ya kupanda mara ya mwisho haimo. Hakikisha zote tatu zimo, nawe ubaki na nakala nyumbani. Kasoro nyingine ni tathmini kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Mwalimu anaandika “kufundisha vizuri”, lengo lisilopimika, au anajaza na msimamizi wake haidhinishi, naye hafuatilii. Andika lengo lenye namba: “Wanafunzi 60 kati ya 70 wa darasa la pili waweze kusoma aya ya maneno 50 ifikapo mwisho wa Juni.” Kwa anayetaka kubaki darasani, ukurasa huo ndio mtetezi wake.

Uteuzi umekuja kwa barua, nawe ujibu kwa barua, ndani ya siku saba, kupitia kwa mwalimu mkuu wako. Usikatae kwa mdomo kikaoni, kwani maneno ya kikaoni huandikwa na mwingine, na neno “amekaidi” ni fupi kuliko maelezo yako. Usisingizie ugonjwa, maana siku ukiumwa kweli na kuomba uhamisho, barua ile ya zamani itatolewa. Wala usilalamikie posho, usije ukaongezewa kisha ukakosa la kusema. Barua yenyewe iwe fupi kama hii:

*“Nashukuru kwa imani uliyoionyesha kwangu kupitia barua yako ya tarehe tajwa hapo juu. Baada ya kutafakari, naomba kwa heshima nisipewe jukumu hilo kwa sasa, ili niendelee kufundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika darasa la kwanza na la pili, ambako shule yetu ina walimu wawili kwa wanafunzi 214. Nipo tayari kuwasaidia walimu wapya wa madarasa hayo, hapa shuleni na katika shule jirani za kata yetu. Naomba kuwasilisha.”*

(Namba weka za shule yako.) Ona barua inavyofanya: inashukuru, inaomba, inaonyesha pengo litakaloachwa, kisha inatoa kitu badala ya kile ulichokataa. Sentensi ya “Nipo tayari” ndiyo inayomwezesha mkurugenzi wa halmashauri kukubali bila kuonekana ameshindwa.

Tahadhari mbili. Ombi ni ombi. Utumishi wa umma una utii wake, na mwajiri anaweza kusisitiza. Akisisitiza, omba muda maalumu, kwa mfano mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Ya pili ni neno “kaimu”. Anayekataa cheo mlangoni hurudishiwa kupitia dirishani: “Kaimu tu kidogo, tunatafuta mtu.” Kabla ya kukubali, barua ya kukaimu iwe na tarehe ya mwisho. Bila hiyo utajikuta mwaka wa pili unasaini hati za malipo ya shule, unapokea wakaguzi, na vipindi vyako vya darasa la kwanza unavifundisha mbiombio.

“Nimeridhika, au nimedumaa?”

*Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya, mkoa wa Kigoma. Miaka kumi na moja benchi lilelile, hadubini ileile. Sioni shida, nakuja asubuhi nikiwa na amani. Lakini kuna sauti inaniuliza: hii ni amani, au nimelala? Nitajuaje?*

Swali lako ni zuri kuliko yote tuliyoletewa, na tunafurahi kwamba linaweza kupimwa. Tulijibu ukiwa palepale ulipo, kwenye hadubini.

Fikiria slaidi ya malaria mnamo saa nane mchana, foleni ndefu, wodi ya watoto wanapiga simu. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 inatakiwa kuchanganywa siku hiyohiyo, kwa maji yenye pH 7.2, nayo ikae juu ya slaidi dakika 10 hadi 15. Chini ya lenzi ya mafuta unatakiwa kupitia angalau maeneo 100 ya tone nene kabla ya kuandika “hasi”. Ukiona vimelea unahesabu dhidi ya chembe nyeupe 200, na vikiwa vichache, chini ya 100, unaendelea mpaka chembe nyeupe 500, kisha unazidisha idadi ya vimelea kwa 8,000 na kugawa kwa chembe nyeupe ulizohesabu.

Sasa jiulize bila kujionea huruma. Je, bado unafika maeneo 100, au siku hizi unaishia 30 kwa kuwa “jicho limezoea”? Giemsa ya jana inatumika leo? Unapoandika alama za kujumlisha badala ya idadi, ni kwa sababu kituo chako kimeamua hivyo, au ni kuchoka? Na kijana wa mafunzo akikuuliza kwa nini pH iwe 7.2, unamweleza kwamba maji yenye asidi hufanya rangi ivutie kwenye wekundu na kiini cha kimelea kisionekane sawasawa, au unamwambia “ndivyo tunavyofanya hapa”? Kudumaa huanzia hapo. Mikono inaendelea, sababu zimesahaulika.

Kuna kipimo kigumu zaidi. Kila mwezi mwombe mwenzako achague slaidi 20 ulizokwisha kusoma, chanya na hasi zikichanganyika, afunike namba, uzisome upya. Linganisha. Weka matokeo kwa miezi sita. Yakibaki thabiti au yakipanda, amani yako ni ya fundi aliyeiva, uilinde. Yakishuka, hakuna haja ya kwenda kutafuta cheo. Haja ni kurudi kwenye kazi ile ile kwa macho mapya. Wengi wakigundua wamechoka hukimbilia shahada ya pili au nafasi ya ofisini, na uchovu huwafuata huko.

Njia ya kurudi ni kuchagua jambo moja kwa mwaka, moja tu. Mwaka huu kutambua aina za vimelea kwenye tone jembamba, mwakani matengenezo ya hadubini na mashine ya kuhesabu damu ili msisubiri fundi kutoka mkoani, mwaka unaofuata kuandika upya miongozo ya benchi kwa Kiswahili ambacho kijana mgeni anaelewa. Tenga saa mbili kwa wiki, siku maalumu. Ukisema “nikipata nafasi”, haitapatikana.

Na mara moja kwa wiki pandisha majibu wodini kwa mkono wako badala ya kumpa mhudumu. Muulize daktari kama idadi ya vimelea uliyoandika imebadilisha lolote kwa mgonjwa. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyoiona kazi yao: kama riziki tu, kama ngazi ya kupandia, au kama wito. Waliohojiwa waligawanyika karibu theluthi kwa theluthi. Hata makatibu 24 waliofanya kazi zinazofanana walitawanyika katika makundi yote matatu. Sisi tunalisoma jambo hilo hivi: cheo peke yake hakiamui mtu ataionaje kazi yake. Wewe una benchi, na mwisho wa benchi kuna mtoto mwenye homa. Anayeendelea kumwona mtoto huyo miaka kumi na moja baadaye hajalala.

“Niliyemfundisha kazi sasa ndiye mkubwa wangu”

*Mimi ni mpishi katika hoteli moja Mombasa, miaka 46. Niliombwa niwe msaidizi wa mpishi mkuu, nikasema hapana, nina watoto na jioni nataka kuwa kwangu. Nafasi akapewa kijana niliyemfundisha hata kukuna nazi. Sijutii, lakini kila akinipa amri roho yanipanda. Nifanyeje?*

Mama, hilo la roho kupanda halina aibu. Kukataa kiti ni jambo moja, na kumwona mwanao amekikalia ni jingine. Dawa ipo, lakini inafanya kazi mapema. Ukiacha miezi mitatu ipite, jiko zima litakuwa limegawanyika.

Anza wewe. Mtafute kabla zamu haijaanza, nje ya jiko, mkiwa wawili. Mwambie kwa ufupi: “Nafasi hii niliikataa mwenyewe, siwanii. Nitakusaidia. Nikiona kosa nitakwambia pembeni.” Basi. Usimpe mawaidha siku hiyo.

Kisha badilisha namna ya kumwita. Nyumbani na mkiwa wawili, “mwanangu” ni sawa. Mbele ya wapishi mwite Shefu kama wanavyomwita wengine. Jambo hili ni dogo kwa macho, lakini tumeona ndilo linaloamua, kwa sababu wapishi wadogo wanasikiliza mdomo wako kujua kama wamtii.

Wengine watakujia wewe kumlalamikia yeye, au kuomba likizo na zamu kupitia kwako, kwa kuwa wakujua kwa upole. Jibu liwe moja siku zote: “Mwambie mwenyewe.” Ukilipokea lalamiko hata mara moja umekuwa mkubwa wa pili, cheo ulichokikataa kimekurudia bila mshahara wake.

Mpatane pia yapi ni yako kuamua. Mwombe mambo mawili matatu ya jiko yabaki mikononi mwako kabisa, tuseme viungo vya biriani, samaki wa kupaka na uchaguzi wa nazi asubuhi, naye asiyaguse bila kukuuliza. Yaliyobaki ni yake, hata akiyafanya tofauti na ulivyomfundisha. Makosa msahihishie mkiwa pembeni, isipokuwa la usalama. Samaki akiwa amekaa nje kwenye joto badala ya chini ya nyuzi 5, au sufuria ya mafuta ikianza kutoa moshi mzito, sema hapohapo, mbele ya yeyote.

Kuhusu karatasi: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka masharti ya kazi yaandikwe, na yakibadilika mwajiri ashauriane nawe kisha akujulishe kwa maandishi. Kwa hiyo mpangilio mpya wa jiko usiwe sababu ya kupunguziwa saa wala malipo kimyakimya.

“Kwa kuwa sitaki cheo, kila kazi inaletwa kwangu”

*Nafanya kazi ya masjala katika shirika moja Dodoma. Niliposema sitaki kuwa ofisa utawala, wakaanza kunipa kazi zake kidogo kidogo. Sasa nafanya zangu na zake, kwa mshahara uleule.*

Dada, huko si kuridhika tena, umefanywa punda. Nawe unaweza kujitoa bila ugomvi.

Kwa wiki mbili andika kila kazi unayoifanya na dakika inazochukua. Weka karatasi hiyo kando ya mkataba wako na maelezo ya kazi. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo hayo kwa maandishi, na akiyabadilisha iwe kwa kushauriana nawe na kukujulisha kwa maandishi. Nenda kwa msimamizi ukiwa na orodha, usiende na malalamiko. Swali la kumuuliza ni hili: “Nikifanya hili, lipi kati ya haya lisubiri?” Mlazimishe achague yeye. Baada ya kikao mtumie barua pepe ya mistari mitatu ukirudia mlichokubaliana.

Ukibaki jioni, jua mipaka: ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na inalipwa. Kati ya kutoka kazini leo na kuingia kesho unastahili mapumziko ya saa 12. Shauri likikwama kabisa, lipo la kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60. Wengi hufika siku ya tisini wakiwa na haki yao mkononi, na inawabidi kwanza waombe kusamehewa kuchelewa.

“Nina miaka 54. Nikikataa sasa, pensheni itaumia?”

*Mimi ni muuguzi, Tanga, mtumishi wa umma. Nimeombwa nihamie ofisini mkoani, mshahara utoke 1,200,000 hadi 1,400,000. Napenda wodi ya wazazi, sijachoka. Ila wenzangu wanasema mwaka wa mwisho mwisho ndio wa kupandisha mshahara kwa ajili ya kiinua mgongo. Nitastaafu nikiwa na miaka 60, utumishi miaka 30.*

Hapa wenzako wana hoja, na itakuwa si haki tukikupoza kwa maneno mazuri.

Kwa kanuni inayotumika tangu Julai 2022, pensheni ya mwaka ni miezi uliyochangia, gawa kwa 580, mara wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi kabla ya kustaafu. Asilimia 40 ya pensheni hiyo (ilikuwa 33 hadi 2024) inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, asilimia 60 inagawanywa kwa miezi 12 na kulipwa kila mwezi.

Miaka 30 ni miezi 360. Ukistaafu kwa 1,200,000 (14,400,000 kwa mwaka), mkupuo ni 44,689,655 na kila mwezi 446,897. Kwa 1,400,000, mkupuo ni 52,137,931 na kila mwezi 521,379. Tofauti ni 7,448,276 za mara moja, na 74,482 kila mwezi. Si fedha za kupuuza kwa mtu ambaye wajukuu watamtazama yeye.

Lakini chunguza mambo mawili kabla ya kujibu. Kwanza, hizo 200,000 ni mshahara au ni posho? Posho ya madaraka haiingii kwenye hesabu hii. Kama barua inasema mshahara ni uleule na kinachoongezeka ni posho, pensheni haitaongezeka hata shilingi, na sababu yao ya kukuhimiza imeanguka. Pili, wastani ni wa miaka mitatu. Unahitaji kuutumikia mshahara mpya miaka mitatu kamili kabla ya kustaafu ili upate tofauti yote, na ukiutumikia mwaka mmoja utapata theluthi yake. Una miaka sita, kwa hiyo muda upo, ila hatukuahidi kwamba nafasi nyingine itajitokeza ukifika 56.

Kumbuka pia kwamba daraja lako la uuguzi nalo linaweza kupanda ukiwa palepale wodini. Kabla ya kujibu barua ya mkoa, muulize ofisa utumishi mambo haya: ulipanda lini mara ya mwisho, unastahili tena lini, na mshahara wa daraja linalofuata ni kiasi gani. Kama ni karibu na 1,400,000 na unaufikia kabla hujafika 57, baki na wazazi wako wa wodini. Kama ni mbali, kaa na familia na karatasi hii. Halafu nenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uombe taarifa ya michango yako, uhesabu miezi mmoja mmoja. Miezi isiyopelekwa na mwajiri haihesabiki mpaka ifuatiliwe, na kuifuatilia ukiwa bado kazini ni rahisi kuliko baada ya kuaga.